Askari Asiwe Kizuizi cha Dawa

Mtu apandaye kilima cha Lubaga alfajiri, kabla jua halijamulika mabati ya Ndeeba na Nateete, huwakuta wenzake wamekwisha kutangulia. Wamo akina mama wenye watoto mgongoni, wazee washika bakora, vijana wa bodaboda walioegesha pikipiki zao kando, na wachuuzi wanaotaka kumaliza shughuli mapema ili wawahi soko. Hospitali iliyo pale ni ya zamani. Ilianzishwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1899, miaka miwili baada ya ile ya Mengo iliyo kilima cha jirani, na tangu siku hizo watu wa Kampala wamezoea kuelekeza macho yao kwenye vilima hivyo viwili kila maradhi yanapobisha hodi. Lakini wengi wa hawa wanaowahi mapema hawaumwi. Wamekuja kuchukua dawa iwafanyayo wasiumwe.

Wamo pia askari katika umati huo, ila si rahisi kuwatambua, kwa sababu sare wameiacha nyumbani. Si siri, na kila aliyepata kuishi kambini atatuunga mkono, kwamba wako askari na polisi wanaozipita zahanati mbili tatu zilizo karibu nao, pamoja na ile ya kikosi chao wenyewe, wakaenda kujiandikisha mbali ili wasikutane na mwenzao wa zamu kwenye benchi la kungojea. Nauli wanatoa mifukoni mwao. Siku wasipopata ruhusa hawaendi; na wasipokwenda, dawa hukatika.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI, awe raia awe askari, aghalabu hakosi dawa kwa kuwa dawa haipo nchini. Huikosa kwa kuwa kati yake na dawa pamesimama mtu mwingine: mkuu aliyemnyima ruhusa, mwenzake anayemcheka, mlinzi wa barabarani aliyemrudisha, mlinda mahabusu aliyemnyang'anya kopo lake. Hatuna budi kukiri kwamba si mara chache mtu huyo anayesimama katikati huwa amevaa sare.

Askari wa Uganda hawezi kulitazama jambo hili kana kwamba ni la wengine. Ugonjwa ulipoanza kuonekana Kasensero, kwenye ufuko wa ziwa wilayani Rakai, mwaka 1982, watu waliuita silimu kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, na wapo waliodai ni uchawi wa wafanya magendo waliodhulumiana. Miaka minne ikapita. Mwezi Septemba 1986, kwenye mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimweleza Rais Museveni faraghani kwamba katika askari 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walipopimwa walikutwa na virusi. Serikali ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja madarakani. Habari hiyo iliyotoka katika safu za jeshi ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya nchi yetu iseme wazi wakati nchi nyingine zilikuwa bado zinanong'ona.

Na katika tiba pia jeshi halikuwa mtazamaji. Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Tiba, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake JCRC, kiliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa miaka mingi kilifanya kazi yake Mengo, katika jumba la Butikkiro lililokuwa makao ya Katikkiro wa Buganda, ndani ya eneo hili hili la Lubaga, kabla hakijahamia Lubowa kwenye barabara ya Entebbe. Kituo hicho, chini ya Profesa Peter Mugyenyi, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza barani Afrika kuwapa wagonjwa dawa za kufubaza virusi. Dawa hizo zilikuwa ghali kupita kiasi. Mwaka 2000 dozi ya mwaka mmoja katika nchi tajiri iligharimu dola 10,000 na zaidi. Afisa wa cheo cha juu angeuza shamba lake lote asizifikie. Profesa Mugyenyi aliagiza dawa za bei nafuu kutoka India licha ya malalamiko ya wenye hataza, na mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya huko ilitangaza kuwa tayari kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka 2004 Uganda ilianza kuzigawa bure.

Palikuwa na wakubwa wa ng'ambo waliopinga. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, na kwa hiyo hawataweza kumeza vidonge kwa wakati uliowekwa. Ilimpasa angoje miaka mitano tu apate jibu. Mwaka 2006 watafiti waliozikusanya pamoja tafiti nyingi walitangaza kwamba barani Afrika wagonjwa 77 katika kila 100 walizishika dawa zao barabara, na Amerika ya Kaskazini walikuwa 55. Hatulitaji hili kwa majivuno. Twalitaja kwa kuwa hakuna mtu wa saa kumshinda askari. Huamka kwa tarumbeta, hupokea lindo kwa dakika, na huadhibiwa akichelewa gwaride. Mtu wa namna hiyo akikatiza dawa, sababu itafutwe kwingine.

Inafaa tueleze kwa maneno machache jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, maana ujinga wa jambo hili umekwisha kuwagharimu wengi. Dawa haziviui virusi vyote. Huvizuia visizaliane, navyo vilivyosalia hujificha ndani ya chembe za mwili mithili ya adui aliyezingirwa msituni. Maadamu mtu anameza dawa kila siku, adui huyo hana pa kutokea. Akiacha, kwa kawaida wiki mbili hadi nne zinatosha virusi kuanza kuonekana tena katika damu. Mwanzoni mtu hasikii lolote, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika wakasema wamepona, au kwamba wameombewa wakapona. Na yule anayemeza leo, akaacha kesho, akarudia wiki ijayo, huvipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, hata ikafika siku isimfae tena.

Upande wa pili wa habari hii ni mzuri, nao haujatangazwa vya kutosha katika kambi zetu. Mtu anayezishika dawa zake hata kipimo cha wingi wa virusi kikashindwa kuviona katika damu, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Tafiti kubwa zilizotangazwa mwaka 2016 na mwaka 2019 ziliwafuata mamia ya wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake mwenye virusi vilivyofubazwa kiasi hicho. Kwa hiyo konstebo anayemeza kidonge chake kila jioni anailinda nyumba yake, na mkewe aweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Ni nani basi wa kuogopwa? Tungesema ni yule asiyetaka kupima, ambaye huenda ndiye anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote kantini.

Hata kidonge chenyewe kimekuwa rafiki wa askari kuliko kilivyokuwa. Kile cha zamani chenye efavirenz kiliwaletea wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha, na mtu aweza kuwaza hali ya askari aliyekimeza saa tatu usiku naye saa sita anapokea lindo akiwa na bunduki mkononi. Tangu mwaka 2018 nchi yetu ilianza kuhamia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu, mojawapo ikiwa dolutegravir. Hiki humezwa asubuhi au jioni, chakula kiwepo kisiwepo. Kama sababu ya kuacha ilikuwa ndoto zile, arudi.

Sasa tuje kwenye uhamisho, ambao tunaamini ndio jaribu kubwa la askari mwenye virusi. Jeshi letu lilipeleka vikosi Somalia kuanzia mwaka 2007, na mwezi Novemba 2021 lilivuka mpaka kuingia mashariki ya Kongo. Polisi nao huhamishwa leo Nateete, kesho Karamoja. Amri ya kuhama haimpigii mtu hodi. Huja usiku, na alfajiri gari limekwisha kuwashwa. Mtu ambaye kadi yake iko Mengo au Lubaga anaondoka na vidonge vya siku kumi mfukoni, hajui zahanati ya huko aendako, na hana ujasiri wa kumwambia afande kwamba ana jambo la kumaliza kwanza. Siku kumi zikiisha, anajiambia ataanza tena akirudi.

Haikumlazimu iwe hivyo. Tangu mwaka 2017 utaratibu wa Wizara ya Afya umeruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu, na baadaye hata sita kwa pamoja. Umeruhusu pia vituo vya kugawia dawa nje ya hospitali, na vikundi ambavyo mmoja huwachukulia wenzake kwa zamu, sawasawa na seksheni inavyomtuma mtu mmoja kwenda kuchukua posho ya wote. Utaratibu huu ulibuniwa kwa ajili ya wakulima na wavuvi walio mbali na kliniki, lakini ni kama ulishonwa kwa kipimo cha mwili wa askari. Kinachotakiwa ni kwamba mganga wa kikosi apate habari kabla ya gari kuondoka. Kamanda hana haja ya kujua ni nani mwenye virusi na nani hana. Ampe mganga siku mbili, aseme tu kwamba kikosi kinakwenda kwa miezi kadhaa na kila mwenye dawa ya kudumu, iwe ya shinikizo la damu, ya sukari au ya virusi, achukue ya kumtosha pamoja na barua ya uhamisho wa matibabu. Kamanda asiyeweza kutoa siku hizo kwa sababu ya hali ya vita tunamwelewa. Lakini hali ya vita si ya kila uhamisho, na wapo wakuu wanaotumia neno hilo kwa uvivu.

Wataalamu wanaendelea kutafuta njia nyingine. Katika utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini, ukiongozwa na Dokta Cissy Kityo wa kituo kile kile kilichozaliwa Mengo, wagonjwa 512 walishiriki ili kulinganisha vidonge na sindano inayochomwa kila baada ya wiki nane. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba sindano haikushindwa na vidonge. Ni habari ya kutia moyo, ingawa moja ya dawa hizo yahitaji kuhifadhiwa katika baridi, na barafu haipatikani kila penye hema. Kwa sasa askari ategemee kidonge.

Kisha kuna aibu. Wanaokaa katika nyumba za mabati za polisi wanajua maana ya kuishi mahali ambapo pazia moja huwa ndiyo ukuta kati ya familia na familia. Hapo mlio wa vidonge ndani ya kopo ni tangazo. Ndiyo sababu watu huvihamishia kwenye karatasi ya nailoni, vikaingia unyevu, au huvifukia katika unga, au mke humeza kwa jirani na mume humeza kazini, kila mmoja akimficha mwenziwe jambo ambalo wote wawili wanalo. Tunalisema hili bila kumcheka mtu. Ni watu wanaopigana vita viwili, na kimoja tumewaongezea sisi.

Katika miaka ya 1990, wakati ambapo kujulikana una virusi ilikuwa karibu sawa na kuchimbiwa kaburi ukiona, Meja Rubaramira Ruranga wa jeshi letu alisimama hadharani akasema anavyo. Baadaye aliongoza jumuiya ya watu wanaoishi na virusi, akazunguka akihimiza wenzake wapime na watibiwe. Hatusemi kila askari afanye kama yeye. Siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa, na ushujaa haugawiwi kwa amri. Twasema tu kwamba mwenye cheo akitamka neno moja la heshima mbele ya gwaride, vicheko vya kantini hupungua, na mwenye cheo akitamka utani mmoja, mganga wa kikosi atapoteza wagonjwa watano.

Maneno yetu ya mwisho ni kwa polisi, na kwa wanajeshi wanapopewa kazi ya polisi. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, usafiri wa abiria ulipigwa marufuku na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Magari ya watu binafsi yalizuiwa pia, na bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu. Mgonjwa wa Kasubi au Kabowa aliyezoea kwenda kliniki kwa pikipiki alitakiwa atembee kwa miguu, au apate kibali cha mkuu wa wilaya, ambako huulizwa anakwenda wapi na kwa nini. Amri ilikuwa na sababu yake, nasi hatuibishi. Lakini amri hukutana na wananchi kwa sura ya askari aliye kizuizini. Wako walioitazama kadi ya kliniki, wakaifunga, wakasema "Pita, mama." Wako waliotaka isomwe kwa sauti mbele ya foleni. Wa kwanza walitekeleza amri sawa na wa pili, wala ulinzi wa taifa haukupungua. Wahudumu waliopanda baiskeli na pikipiki kuwapelekea watu dawa majumbani walifika au hawakufika kwa uamuzi wa watu hao hao wawili.

Mahabusu ni pagumu zaidi, kwa kuwa aliyefungiwa hana miguu ya kujitafutia. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 48 na aruhusiwe kupata matibabu. Saa 48 ni vidonge viwili. Tunajua, na wasomaji wetu wanajua kutuzidi, kwamba wakati mwingine saa hizo hupita. Mtu aliyekamatwa usiku kwa ugomvi wa baa huko Nateete hatasema mbele ya watu kumi na watano chumbani kwamba ana dawa ya virusi aliyoiacha nyumbani chini ya godoro. Aulizwe kando, wakati wa kuandikishwa, kama anavyoulizwa jina la baba yake. Na ndugu yake akija na kopo dirishani, lisirushwe kapuni kana kwamba ni bangi. Sheria ya mwaka 2014 inayohusu UKIMWI inamwadhibu aambukizaye kwa makusudi, lakini pia inakataza ubaguzi. Kidonge mfukoni mwa mtu ni dalili kwamba anajitahidi asimwambukize mwingine, na mpelelezi mwenye akili atakisoma hivyo.

Yote haya yalizidi kuwa na uzito mwaka 2025. Mwezi Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama za kupambana na virusi Uganda tangu mpango wa Rais Bush wa mwaka 2003, huduma za jeshini zikiwamo. Wahudumu wengi waliolipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi, wakiwamo wale wagonjwa wazoefu waliokuwa wakiwapigia simu wenzao waliokosa kuja. Wizara ya Afya ikaelekeza kliniki za virusi zilizokuwa peke yake ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Uamuzi huo una hoja ndani yake: mwenye virusi akikaa benchi moja na mwenye malaria, hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini una hatari yake pia, maana foleni ni ndefu, na aliyekuwa akimjua muuguzi wake kwa jina sasa hukutana na mgeni kila mwezi. Pale ambapo aliyekuwa akipiga simu hayupo tena, kazi ya kuuliza "mwenzetu mbona hukwenda?" imebaki kwa walio karibu. Kambini walio karibu ni kombania yake.

Nchi ina watu wapatao milioni moja na nusu wenye virusi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya mwaka 2020 na 2021 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya watu wazima walio navyo walikuwa wamevifubaza. Kazi kubwa, basi, ilikwisha kufanyika. Robo iliyosalia imo katika nyumba za Lubaga kama ilivyo katika nyumba za kambi, na sehemu yake ni watu waliokwisha kuanza dawa wakakatizwa njiani.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo lisilohitaji fedha za kigeni. Katika kila kituo cha polisi, kitabu kinachoandikwa mali za mahabusu kina nafasi ya mkanda, simu, viatu na pesa. Mkuu wa kituo na aamuru uongezwe mstari mmoja wa dawa aliyokuja nayo mtu au anayoihitaji, na saa ya kumeza kidonge kinachofuata.